Leso Unayoijua Wewe

Nyangoto, 12 Juni 1994

Dada Abonyo, shikamoo.

Barua hii anakuletea Machage, yule dereva wa lori la mahindi anayevuka mpaka wa Sirari kila wiki. Mpe chai kabla hujaisoma, maana huyo njiani hali kitu. Mimi mzima. Ukisikia nimekonda usiamini, ni wivu wa watu.

Sasa kaa chini. Kitambaa kimefika! Wale wageni wa kanisa waliopita kwetu mwezi wa tatu, wakatukuta wajane saba tumezunguka cherehani mbili, na moja inakata uzi, wakasema watatukumbuka. Nani aliamini? Wageni wote husema hivyo. Jumanne lori likasimama mbele ya kanisa, watu wakaanza kushusha marobota. Tulidhani ni chakula cha njaa. Mzee Nashoni, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akakata kamba ya robota la kwanza, yakamwagika majora ya pamba, maua mekundu, maua ya bluu, mapya kabisa, wala si mitumba. Mwenzangu Boke alipiga vigelegele mpaka wanaume wakatoka kwenye maduara ya machimbo wakidhani kuna mtu kapata dhahabu.

Mzee Nashoni kasema kitambaa hakiuzwi hivi hivi, lazima kishonwe. Wageni wanarudi mwezi wa kumi kuangalia. Wakiridhika watatujengea chumba cha kushonea, na mimi nitapewa ualimu wa cherehani, wenye mshahara na ile nyumba ya bati nyuma ya kanisa. Tukiharibu, ndiyo basi.

Unaelewa maana yake kwangu, dada. Kaka yenu Mzee Ogada alisema pale Utegi kwenye matanga ya mume wangu Omondi, mbele ya watu wote: Akech akae kwa shangazi yake Migori mpaka mama yake awe na nyumba na kazi, na Krismasi ukoo utakaa uangalie. Basi Krismasi nitakuja na ufunguo mkononi, nimchukue mwanangu.

Shida ni moja. Hapa hanunui mtu. Mwenye dhahabu ananunua bia, asiye nayo ananunua mitumba. Wewe ni mtu wa soko, una kibanda cha nguo. Tushone nini? Niambie, nami nitashona.

Mwambie Akech jino lake likitoka anitunzie.

Wifi yako,
Philomena Waisiko, Mama Akech


Migori, 26 Juni 1994

Nyar Machochwe,

Marahaba. Machage nimempa chai na ugali, kala mpaka akalegeza mkanda.

Nimefurahi, wacha nisikudanganye. Siku ile tunamzika Omondi, nilikuona umesimama na gauni la kuazima nikajiuliza, huyu msichana wa Machochwe atasimama kweli bila mtu? Sasa Mungu amekushushia lori zima. Wengine tunamwomba miaka na hatupati hata mtoto mmoja.

Akech ni mzima. Anasoma shule nzuri hapa, Kiingereza chake kinatupita mimi na wewe. Siku hizi analala kitandani kwangu, anasema anaogopa radi. Jino tulishalitupa juu ya paa, barua yako ilichelewa.

Haya, bizna. Huku kwetu dhahabu imetoka pia, upande wa Macalder, na wanaume wa machimbo wana pesa hawajui waziweke wapi. Kitu kinachokwenda ni leso. Wanataka za maua makubwa, za kufunga. Wewe kata leso, pinda kingo kwa uzi wa rangi, na mimi nachukua stoki yote. Yote, umenisikia? Usianze kushona magauni ya maharusi huko. Mwonyeshe huyo mwenyekiti wenu barua hii ajue mna soko.

Omondi nilimbeba mgongoni mimi, mama alipokuwa anauza samaki. Wewe ulimwacha ashuke kwenye duara siku ya mvua. Lakini sisemi kitu. Nasema tu tusaidiane.

Abonyo


Nyangoto, 15 Julai 1994

Dada yangu, shikamoo.

Nilisoma barua yako mbele ya kikundi kizima, nikairudia mara ya pili kwa sababu mwenzetu Christina haamini kitu mpaka akisikie mara mbili. Tumecheza! Mzee Nashoni mwenyewe aliinua fimbo juu. Mtu wa kuchukua mzigo wote, kabla hata hatujakata, nani ana bahati hiyo?

Ulichosema kuhusu Omondi nimekisikia. Nilimshika shati asubuhi ile, dada. Lilichanika mkononi mwangu, kipande ninacho mpaka leo. Tuliache hapo.

Leso nimeielewa upesi. Hata hapa wachimbaji wanazifunga puani wakiponda mawe, vumbi lile linaua. Nikasema, basi na wa Macalder wanakohoa vile vile. Ila Boke ananisumbua. Anasema Wakenya wana maneno yao, tusikate mpaka utuandikie kipimo. Nikamwambia, wee Boke, dada Abonyo si Mkenya, kaolewa tu huko. Kasoma Utegi madarasa yote saba, Kiswahili chake ni chetu. Hata hivyo nipe kipimo nimfunge mdomo.

Robota moja nataka kuliacha kwa sare za watoto wa shule. Wanapita kila siku kulishika.

Nimemtumia Akech gauni. Ndicho kitu cha kwanza kutoka kwenye kitambaa hiki. Mfuko wa mbele nimeweka kwa ajili ya karanga zake.

Mama Akech


Migori, 2 Agosti 1994

Nyar Machochwe,

Ati kipimo! Fundi mzima anamuuliza mchuuzi kipimo cha leso? Leso unayoijua wewe, hiyo hiyo. Huyo Boke wako akitaka kuwa mwalimu mpe cherehani na nyumba ya bati, wewe urudi Machochwe kuchunga mbuzi.

Sare achana nazo. Kata marobota yote. Tajiri anayechukua kwangu anataka mzigo mkubwa, ukiwa mdogo atakwenda kwa mtu mwingine na mimi nitabaki na aibu. Kabla mwezi wa tisa haujaisha, mzigo uwe hapa.

Gauni limembana Akech kwapani. Amekua, wewe unamkumbuka yule wa zamani. Nimempa mtoto wa jirani, limemkaa vizuri sana.

Abonyo


Nyangoto, 18 Septemba 1994

Dada Abonyo, shikamoo.

Tumemaliza! Nakuandikia na vidole vimevimba, mwandiko ukikushinda mpe Akech akusomee.

Nilikata mimi mwenyewe, sikumwachia mtu mkasi. Nakunja jora mara nne, nalikalia lisicheze, nakata. Kila leso upana wa viganja vyangu viwili. Kupinda tumepinda kwa mkono, maana cherehani inakula ukingo mwembamba. Unalowesha kidole kwa mate, unauviringisha ukingo mpaka unakuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ndiyo unapitisha sindano. Mama mmoja kafanya kazi hii mpaka akawa anaviringisha shuka usingizini, mumewe mpya kaja kulalamika kwangu.

Wiki ya pili Mzee Nashoni alikuja, akashika moja, akaigeuza. Akauliza, "Marobota yote haya, Philomena? Yote ni leso?" Nikamwonyesha barua yako, pale uliposema stoki yote. Akairudisha leso mezani, akaondoka. Na Boke akasema kitu, nikamwambia dada kasema ni leso ninayoijua, wewe unaijua nyingine ipi? Akarudi kwenye sindano yake.

Robota la sare nalo nimelikata kama ulivyoagiza. Watoto walisimama mlangoni wakiangalia. Hilo liliniuma kidogo, lakini nikasema moyoni, wa kwangu kwanza.

Machage anakuja na magunia yote. Yakifika nijulishe haraka. Nimeshaanza kufagia ile nyumba ya bati, ingawa ufunguo bado anao Mzee Nashoni. Nimepitia dirishani! Kuna chumba kidogo upande wa jua, nimekipaka chokaa. Cha Akech hicho.

Mama Akech


Migori, 27 Septemba 1994

Nyar Machochwe,

Umeniletea nini?

Nimefungua gunia mbele ya kastoma, mama mzima amekuja na binti zake watatu wanaoolewa, nimemsifia mzigo wiki nzima. Nikachomoa leso. Nikachomoa nyingine. Nikamwaga gunia lote chini. Vitambaa vya kamasi! Soko zima lilikuja kuangalia, kuna watu walikaa chini kwa kicheko.

Leso ni ile ya kufunga kiunoni, mama. Ya kubebea mtoto mgongoni, ya kuvaa matangani. Nyinyi huko mnaiita kanga. Niliandika za kufunga. Nani anafunga kiuno na kitambaa cha kamasi? Hata mtoto wa nasari hapa Migori angekwambia.

Magunia nimempakia Machage ayarudishe. Sitaki hata moja.

Akech anakusalimia. Alikuwepo sokoni, aliona yote.

Abonyo


Nyangoto, 30 Oktoba 1994

Abonyo,

Wageni wamekuja na wameondoka.

Mzee Nashoni alikuwa amepanga magunia kanisani kwa sababu hakujua ayafiche wapi. Mama mmoja mzungu, mnene, mwenye upole, jasho linamtiririka. Akaona leso juu ya meza, akachukua, akajifuta uso na shingo, akashukuru. Akadhani tumemwekea. Kisha akauliza nguo ziko wapi. Mzee Nashoni akafungua gunia moja, la pili, la tatu, na yule mama akawa anaingiza mkono ndani mpaka kwenye bega, anatafuta, anaendelea kutafuta. Mwisho akasema neno moja kwa lugha yake na mkalimani akakataa kulitafsiri.

Chumba hatujengewi. Cherehani zetu zote mbili zimepelekwa kwa kikundi cha Ikoma. Nyumba ya bati kapewa mlinzi wa kanisa, kaweka kuku kwenye kile chumba nilichopaka chokaa. Christina alinitupia leso usoni mbele ya waumini. Boke hakunitupia kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, ananipita kisimani bila hata kunitazama. Watoto wa shule wananiita Mama Kamasi. Siwalaumu, walitaka sare.

Tulijaribu kuziunganisha mbili mbili tupate angalau shuka. Kingo zilikuwa nzuri mno, Abonyo. Zilikataa kufumuka.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama mtu aliyekula kwangu. Wewe umekulia Utegi. Utegi leso ni nini? Mama yenu, mkwe wangu, alikuwa na leso ya bluu anafungia ugoro, niliiona kwa macho yangu, na wewe ndiye uliyeniambia, "Mfulie mama leso yake." Ulisema leso. Ulijua?

Kama ulijua, niambie nilikukosea nini. Kama ni Omondi, nilimshika shati, nimekwambia. Kama ni mtoto ulitaka, ungesema tungelia pamoja, mimi pia najua kulia. Kitambaa kimekwisha, sikidai. Nyumba sidai. Naomba Krismasi useme neno jema kwa Mzee Ogada. Nitarudi kulima kwa kaka yangu Machochwe, Akech hatalala njaa. Nakupigia magoti, dada. Shikamoo.

Philomena, Mama Akech


Migori, 30 Desemba 1994

Nyar Machochwe,

Barua yako ya mwezi wa kumi sikuijibu kwa sababu nilijua tutaonana Krismasi. Tumeonana.

Ulipiga magoti vizuri pale Utegi, hata mimi nilikuonea huruma. Mzee Ogada alipokuuliza una kazi gani na unalala wapi, ungemjibu tu. Lakini wewe uliinama ukaanza kulia, halafu ukaingiza mkono kifuani ukatoa leso kujifuta. Nyekundu, ya maua. Watu walikuwa wamejizuia mpaka hapo, habari wanayo. Mzee Ogada mwenyewe alishindwa. Mimi sikucheka, uliniona.

Kwa hiyo imekwisha. Akech ni mtoto wa ukoo huu na atakaa kwangu mpaka aolewe. Januari namwandikisha upya shuleni, mzazi ni mimi. Usije kumwona kwanza, ukija analia siku mbili na anakosa masomo.

Lile swali lako hukuniuliza mbele ya watu, ulifanya vizuri. Ningekujibu hivi: niliandika leso unayoijua wewe. Ningejuaje unaijua ipi?

Abonyo,
Mama Akech


Migori, 19 Februari 1995

Kwa Mama wa Nyangoto,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima, niko darasa la tatu, nimekuwa namba nne. Mwalimu anataka kila mtoto awe na hanki, ya kufuta mikono na pua. Asiye na hanki anachapwa. Mimi nimechapwa juzi.

Mama Abonyo amesema nisinunue, nikuandikie wewe kwa sababu wewe uko na mingi. Amesema huko Tanzania hanki inaitwa leso. Akiwa mdogo Utegi alikuwa anafungiwa leso na pini kwa shati akienda shule, na akiipoteza anachapwa pia. Anapenda kuambia wageni hiyo stori ya leso, vile wewe ulikata na yeye alijua utakata. Wanacheka mpaka chai inamwagika. Mimi pia nilicheka lakini sikuielewa sana.

Naomba ya bluu. Kama hakuna, hata nyekundu.

Zamani nilikuwa namwita waya, yaani shangazi, sasa namwita Mama kwa sababu shuleni wameandika hivyo. Machage ananingoja, nimeandika haraka.

Akech


Nyangoto, 11 Machi 1995

Mwanangu Akech,

Marahaba, mama. Namba nne! Ningekuwa karibu ningepiga vigelegele mpaka wanaume watoke kwenye maduara.

Najua barua hii itasomwa na mwingine kabla yako, kwa hiyo naandika wote msikie. Barua yako niliipeleka Utegi kwa baba yako mkubwa, Mzee Ogada. Nilipanda lori tangu alfajiri nikiwa nimeikumbatia. Nilijua sasa nimepona, mtoto mdogo kasema kweli bila kufundishwa, mzee ataona alichotendewa mama yako. Alivaa miwani, akasoma polepole. Alipofika pale kwenye chai inamwagika, akacheka mpaka akakohoa, wakamletea maji.

Kisha akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Abonyo tangu mdogo ana akili. Neno moja tu! Sasa niambie, mtoto nimpe aliyedanganya au aliyedanganyika?" Nilitafuta jibu. Mpaka leo nalitafuta, mwanangu. Ukilipata wewe unayesoma Kiingereza, niandikie.

Nimekutumia leso. Bluu kumi, na nyekundu kumi kama bluu zitapotea. Hizi nilizipinda mimi mwenyewe kwa mate yangu, pitisha kidole kwenye ukingo utasikia. Usichapwe tena kwa ajili ya leso. Kila mtoto wa darasa lako asiye nayo mpe. Mpe na mwalimu. Zikiisha mwambie Machage, wala usiandike barua, mama yako wa huko anaweza kuchoka kuisoma.

Magunia yote yako kwangu, ndiyo ninayolalia. Zitakutosha mpaka uwe na wajukuu.

Msalimie mama yako.

Philomena Waisiko